Maswali ya Jikoni: Sinia la Achari na Mboga Mbichi kwa Siku ya Sherehe

*Shikamoo Shangazi. Kila mwisho wa mwaka ndugu wa mume wangu hukusanyika kwetu, watu wapatao 20. Mwaka jana nilitaka wapate kitu cha kutafuna wakati wakisubiri chakula, nikapanga sinia kubwa: karoti, matango, seleri, nyanya, zeituni, achari za chupa, bitiruti, mayai, jibini, kila nilichokipata. Lilipotoka jikoni lilipendeza. Nusu saa baadaye maji yalikuwa yametanda sinia zima, bitiruti imeshapaka jibini rangi, matango yamelegea, na wageni walichukua zeituni tu. Mengine yote mimi na wifi yangu tuliyarudisha jikoni. Mwaka huu nataka kujaribu tena. Nianzie wapi? Mke wa Kaka Mkubwa*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi hukukata tamaa, maana sinia hili ni kazi ndogo yenye shukrani kubwa.

Tatizo lako la kwanza lilikuwa wingi. Sinia la namna hii haliwekwi mezani limshibishe mtu. Kazi yake ni kumwamshia mgeni hamu: anatafuna kipande kibichi chenye baridi, anafuatisha kitu kichachu au chenye chumvi, mate yanamjaa mdomoni, na chakula kikija kinamkuta tayari. Ukilipima kwa kipimo hicho, vingine ulivyovitaja vinajiondoa vyenyewe. Mayai yanashibisha. Jibini la vipande linashibisha. Viwekee siku yake.

Mimi huchagua vitu sita, vikizidi sana saba: viwili au vitatu vibichi vya kutafunika kwa mlio, viwili vya siki, kimoja cha chumvi, na bakuli moja la kuchovyea. Kwa wageni wako ningechukua seleri, karoti, figili nyekundu za duara, achari ya matango, koliflawa ya siki, zeituni, na mtindi mzito wenye majani mabichi. Basi. Mgeni akiona vitu 12 hajui aanzie wapi, naye mpishi hapati muda wa kukitendea haki hata kimoja.

Sasa tuje kwenye yale maji. Mboga mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Tango peke yake lina maji takriban asilimia 95. Chumvi ikigusa pale palipokatwa, inayavuta maji hayo nje. Wewe uliweka zeituni na achari zikiwa bado zinadondosha maji ya chumvi, zikalala ubavuni mwa matango yaliyokatwa. Ndiyo maana matango yalilegea na sinia likajaa maji kwa wakati uleule: ni maji yaleyale, yametoka kwenye tango yakahamia kwenye sinia. Ongeza na yale ya kuoshea mboga ambayo pengine hayakufutwa.

Dawa ni kukausha na kutenganisha. Zeituni na achari zimwage kwenye chujio, ziache robo saa. Kisha tandaza kitambaa safi cha jikoni, zimwage juu yake, kunja pembe za kitambaa na uzibingirishe taratibu kwa viganja. Ukifungua utaona kitambaa kina madoa ya unyevu, na zeituni zinang'aa bila kudondosha kitu. Achari ya tango iliyokatwa kwa urefu inataka uangalifu zaidi kwa sababu katikati, penye mbegu, panatunza maji. Ilaze sehemu iliyokatwa ikitazama chini. Karoti na seleri nazo zikaushe hivyohivyo, usiziachie hewa ikukaushie, kwa kuwa hewa inaharibu: karoti iliyomenywa ikikaa wazi hupata weupe kama vumbi, ikaonekana imechakaa wakati bado ni nzima.

Seleri ijaribu kwa kuivunja. Bua likivunjika kwa mlio, liko tayari. Likipinda, halijaoza, limepungukiwa maji tu. Kata ncha zote mbili na uliloweke kwenye maji yenye vipande vya barafu kwa nusu saa. Litakunywa maji likakaza tena. Usiruke hatua hii hata kama seleri yako ni mbichi, kwa sababu baridi ndiyo nusu ya utamu wake. Halafu vuta zile nyuzi ngumu za mgongoni kwa kisu kidogo kabla hujakata vipande, hasa kama kuna wazee watakaokula.

Figili ndizo zinazolipa sinia uso. Kata mkia, acha vijani viwili vitatu vya juu, kisha kwa ncha ya kisu chora mipasuko minne au mitano kulizunguka ganda, kutoka mkiani kuelekea kwenye majani, bila kufika mwisho. Zitie kwenye maji ya barafu kwa muda wa saa moja au mbili. Nyama nyeupe ya ndani inanyonya maji, vile vipande vya ganda jekundu vinasukumwa nje, na figili inafunguka yenyewe. Kulowekwa kunazipunguzia ukali pia, na wageni wasiozizoea watakushukuru.

Kazi igawe, usiiache yote ya asubuhi ya sherehe. Achari ya siki itengeneze siku tatu kabla. Chini hapa nimempa msomaji mwingine vipimo vyake. Jioni ya kuamkia sherehe menya na ukate karoti na seleri, zihifadhi ndani ya maji baridi kwenye friji, chombo kikiwa kimefunikwa. Mchuzi wa kuchovyea nao uchanganye jioni hiyo, maana kitunguu saumu na majani vinahitaji usiku mmoja kuingiana na mtindi. Tango bichi na nyanya, kama umeamua kuviweka, usivikate mapema. Hivyo ni vya saa ya mwisho. Panga sinia ndani ya saa moja kabla wageni hawajafika, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, lirudishe penye baridi.

Kiasi: mtu mmoja, kabla ya chakula kikubwa, atakula vipande sita hadi vinane vya mboga, zeituni nne au tano, na vijiko vikubwa viwili vya mchuzi. Kwa watu 20 nunua karoti kilo moja, mafungu mawili ya seleri, mafungu matatu ya figili, zeituni nusu kilo baada ya kumwaga maji yake, na achari ya aina mbili, kila moja nusu kilo. Kitu kinachokwisha kabla ya chakula ni ishara njema. Usihangaike kuongeza.

Angalia na chombo. Siki na chumvi havipatani na alumini tupu, shaba, wala fedha. Vinaila madini hiyo na kukipa chakula ladha ya chuma. Tumia kioo, kauri, au chuma kisichoshika kutu. Kama sinia ulilo nalo ni la alumini na unalipenda, lipe heshima ya kuwa kibebeo: panga juu yake vibakuli vya kioo, kila kitu kichachu ndani ya chake. Hapo umetatua na suala la bitiruti. Rangi yake inayeyuka kwenye maji na itapaka chochote kilicho jirani, kwa hiyo ikae kwenye bakuli lake, na kiuma chake, pembezoni.

Kwa wageni 20, panga sinia mbili ndogo badala ya moja kubwa, uziweke sehemu mbili za chumba. Sinia moja hukusanya watu mahali pamoja, na wenye haya hawalifikii. Weka kichachu karibu na kilichopoa: zeituni kando ya seleri, achari ya matango kando ya karoti. Weka koleo dogo au uma kwa kila kitu chenye unyevunyevu. Na kama zeituni zina kokwa, weka kibakuli kitupu cha kokwa, wewe mwenyewe utangulize moja ndani yake ili wageni waelewe ni cha nini. Usipofanya hivyo utaziokota kwenye vyungu vya maua.

Mchuzi wa kuchovyea: mtindi mzito vikombe viwili, uliochujwa kwenye kitambaa kwa saa chache, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi, kijiko kikubwa cha maji ya limau, konzi ya majani mabichi yaliyokatwa vidogo, shibiti au majani ya vitunguu, pilipili manga. Ukiuonja peke yake uwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyopenda, kwa kuwa karoti haina chumvi hata kidogo. Huu ndio sehemu ya sinia inayoharibika haraka. Chakula cha maziwa au mayai kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kama joto la chumba limepita nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu. Weka bakuli lake juu ya barafu ndani ya bakuli kubwa zaidi. Ukiisha, leta bakuli jingine safi. Usimimine mpya juu ya uliokwisha kuchovywa na watu.

---

*Shangazi, nipe vipimo vya achari ya haraka isiyohitaji mambo ya kuchemsha chupa. Pia naomba uniambie kwa nini matango yangu ya siki hulainika kama yamepikwa. Mpenda Siki*

Vipimo ni rahisi kukumbuka: siki na maji sawa kwa sawa. Kwa kilo moja ya karoti au koliflawa chukua vikombe viwili vya siki, vikombe viwili vya maji, vijiko vikubwa viwili vya chumvi na kijiko kikubwa kimoja cha sukari. Chemsha mpaka chumvi na sukari viyeyuke. Mboga zipange kwenye chupa safi pamoja na punje chache za kitunguu saumu, kijiko cha chai cha mbegu za haradali na punje za pilipili manga, kisha mimina maji hayo yakiwa ya moto mpaka yazifunike zote. Zikipoa, friji. Kesho yake zinalika, siku ya tatu zinapendeza. Zitumie ndani ya wiki mbili hadi nne, na daima ziwe kwenye friji, kwa sababu hii si achari ya kukaa kabatini.

Soma lebo ya siki yako. Inatakiwa iwe na asidi asilimia 5. Siki hafifu haitoshi, na wala usiongeze maji ili kupunguza uchachu. Uchachu ndio unaokulinda. Bakteria wa botulini, wanaotoa sumu mbaya kuliko nyingi tunazozijua, hawawezi kumea kwenye chakula chenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ya 4.6 au chini yake. Ukiona siki imekuzidi, ongeza sukari kidogo.

Kulainika kwa matango kuna sababu kadhaa, na ya kwanza watu wengi hawaijui. Upande ule ulikokuwa ua una vimeng'enya vinavyolegeza nyama ya tango. Mkato mwembamba wa milimita mbili upande huo unatosha kuviondoa. Kama hujui ua lilikuwa upande gani, ni ule usio na kikonyo. Ukishindwa kabisa kutofautisha, kata pande zote mbili. Pili, tango likikaa siku nyingi baada ya kuchumwa linapoteza uimara, na siki haiurudishi. Tafuta madogo, magumu, yenye mbegu changa, uyatengeneze siku hiyohiyo au kesho yake. Tatu, usiyachemshe ndani ya siki. Kwa matango mimi huyaloweka kwanza kwenye maji ya barafu kwa saa chache, na maji ya siki nayaacha yapoe kidogo kabla ya kuyamimina.

---

*Kitunguu saumu ndani ya achari yangu kimegeuka buluu! Sherehe ni Jumamosi. Niitupe yote?*

Usitupe. Kitunguu saumu kina viini vya salfa ambavyo vikikutana na asidi hufanya rangi ya buluu au kijani, hasa kikiwa kichanga. Hakina madhara na ladha ni ileile. Kama rangi inakukera, toa punje hizo kabla ya kuweka mezani.

Cha kutupa ni achari iliyovimbisha kifuniko, inayotoa povu wakati hukukusudia kuichachusha, yenye ukungu, au yenye harufu usiyoielewa. Hapo usionje hata kwa ncha ya ulimi.

Na kwa kuwa umenipa nafasi: kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta ni jambo jingine kabisa, wala halina uhusiano na siki. Mafuta hayana asidi, yanazuia hewa, na hayo ndiyo mazingira wanayoyapenda wale bakteria wa botulini. Zeituni zako ukizikoroga kwa mafuta na kitunguu saumu, zikae kwenye friji na ziliwe ndani ya siku nne. Nimeona chupa nzuri za namna hiyo zimepangwa dirishani kama pambo la sikukuu, na huwa nawasihi wenyeji wazitoe.

---

*Shikamoo Bibi. Utamaduni huu wa sinia ulitoka wapi? Na zeituni nyeusi za kopo, mbona hazifanani kabisa na nyeusi za kienyeji zenye mikunjo? Mwanafunzi wa Upishi*

Marahaba, mjukuu wangu. Kuanza mlo kwa kitu cha siki au chumvi ni desturi ya watu wengi, lakini sinia lenye vyumba vyumba, la seleri, zeituni, figili na achari, ni la Marekani zaidi. Seleri ndiyo iliyokuwa fahari yake. Katika karne ya 19 ilikuwa ngumu kulima, kwa sababu wakulima waliipanda kwenye mitaro na kuirundikia udongo ili mabua yake yabaki meupe na laini. Kwa hiyo huko Uingereza na Marekani wenye uwezo waliiweka mezani imesimama ndani ya vyombo vya kioo virefu vilivyotengenezwa kwa ajili yake tu, majani yakitokeza juu kama maua. Ilipokuwa rahisi kupatikana ikashuka kwenye sahani, pamoja na achari. Hadi leo familia nyingi za Marekani huliweka mezani Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na huko Wisconsin ipo migahawa ya zamani ambako mteja huletewa sinia hilo kabla ya chochote alichoagiza.

Zeituni: tunda likitoka mtini ni chungu, halilwi. Uchungu huo unatokana na kiini kiitwacho oleuropeini, na lazima uondolewe kwa maji ya chumvi kwa wiki au miezi, au kwa magadi makali kwa muda mfupi. Nyeusi nyingi za kopo zilichumwa bado hazijaiva, zikatiwa magadi, zikapulizwa hewa mpaka zikawa nyeusi, kisha rangi ikashikizwa kwa chumvi ya madini ya chuma. Zile zenye mikunjo ziliivia mtini na zikakaushwa kwa chumvi. Zote ni halali sinia lako, ila kazi zao ni tofauti. Za kopo ni pole, zinawafaa watoto. Zenye mikunjo ni nzito za chumvi. Zioshe, ziloweke nusu saa, zikaushe, halafu uzipe mafuta, ganda la limau lililokwanguliwa na pilipili kidogo.

Jambo moja ambalo wapishi wanafunzi hulisahau: zeituni usizilete mezani zikitoka moja kwa moja kwenye friji. Mafuta yake yanaganda na ladha inajificha. Zitoe nusu saa kabla. Karoti na seleri ndizo za kutoka kwenye baridi hadi mdomoni.

---

*Dada, baba yangu ana shinikizo la damu na mwanangu ana miaka mitatu. Sinia hili litawafaa?*

Litawafaa ukilirekebisha. Kwa mzee, mboga mbichi ndizo zake, na mchuzi wake utenge kabla hujaukoleza chumvi. Weka limau na majani zaidi. Achari na zeituni zina chumvi nyingi hata zikioshwa, basi awe na kionjo, asiwe na bakuli. Kama daktari wake amemkataza kabisa, mfuate daktari.

Kwa mtoto, zeituni nzima, nyanya ndogo za duara na vijiti vigumu vya karoti vinaweza kumkaba. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, nyanya na zeituni zisizo na kokwa zikate kwa urefu mara nne. Karoti ichemshe dakika chache ilainike au uikwangue. Vijiti vya meno visikaribie sinia ambalo watoto wanalifikia. Na waulize wageni mapema kuhusu mzio: seleri na haradali ni miongoni mwa vyakula ambavyo kwa baadhi ya watu huleta mzio mkali, na haradali hujificha ndani ya maji ya achari.

---

*Baada ya sherehe kuna maji ya achari yamebaki chupa nzima. Naweza kutia mboga nyingine humo?*

Kwa kula wiki hiyo, ndiyo. Tia vitunguu vyembamba au mayai yaliyochemshwa na kumenywa, weka kwenye friji. Mara moja tu, kwa sababu mboga za kwanza zilishayapunguza asidi kwa maji yao, na za pili zitayapunguza tena. Usiyatumie kutengeneza achari ya kukaa kabatini. Kama yamekuwa na utando au yamechafuka, yamwage.

Karoti na seleri zilizobaki, zile ambazo hazikukaa nje zaidi ya saa mbili, zioshe, uzirudishe kwenye maji baridi na uzipikie supu kesho yake.